Konrodi imetoboa bloki tukirudi kutoka Ukara: ilianza kuvunjika lini?

"Fundi, habari za kazi. Nina boti ya fiberi inayobeba abiria na wageni kutoka Mwanza kwenda visiwani. Ina injini mbili za nje, V6, mipigo minne, nguvu za farasi 225 kila moja, nilizinunua zikiwa zimetumika. Wiki iliyopita tukirudi kutoka Ukara, kwenye mizunguko kama 5,500, ya kulia iligonga mara mbili tatu kama nyundo, ikatoa mlio mkubwa na kuzima. Kufungua kava, bloki ina tundu la kuingia ngumi, oili imetapakaa. Konrodi ya silinda namba tatu imekatika katikati. Kipande cha chini bado kimeshika kwenye krenki, kinacheza vizuri na hakijabadilika rangi. Fundi wa kwanza anasema oili iliisha, lakini nilipima asubuhi ile. Wa pili anasema bolti za konrodi zililegea. Aliyeniuzia anasema nimeikimbiza mno. Jambo jingine, sijui kama linahusika: wiki tatu kabla, tukiingia mwaloni Ukara, wimbi la nyuma lilipanda juu ya injini zikazima zote mbili. Ya kushoto iliwaka mara moja. Ya kulia stata iligoma kana kwamba betri imekufa, tukaendelea kuipigia mpaka ikawaka na moshi mweupe. Tangu hapo ilikuwa na kamtetemo kwenye sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila mwendo. Nini kimeiua? Naweza kuchomelea bloki na kuweka konrodi moja tu? Na hii ya kushoto niiamini?"

Ndugu yangu, pole sana kwa hasara, na nashukuru kwamba mlikuwa na injini ya pili ya kuwafikisha nchi kavu. Umeuliza mengi, ila sentensi niliyoirudia mara tatu ni ile uliyoiandika kwa kusitasita: "sijui kama linahusika." Linahusika. Kwa maelezo yako, konrodi hiyo, ile fimbo ya chuma inayounganisha pistoni na krenki (mhimili unaozunguka), haikuanza kuvunjika siku mliporudi. Naamini ilipinda siku ile wimbi lilipopanda juu ya injini, na wiki tatu zilizofuata ilikuwa inakatika kidogo kidogo huku ikiwafanyia kazi. Sijavishika vipande kwa mikono yangu, kwa hiyo nitakueleza kwa nini naamini hivyo, kisha nikuonyeshe pa kutazama ili wewe na fundi wako mthibitishe au mnikatalie.

Tuanze na maji yenyewe. Hewa ukiibana inabanika. Maji hayabaniki. Chukua injini ya V6 ya lita 4.2 yenye mgandamizo wa kumi kwa moja: kila silinda ina sentimita za ujazo 700, na pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 78. Hicho ni kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa wa mtaani. Maji yakizidi hapo pistoni haina pa kwenda, ingawa injini inataka iende.

Stata peke yake mara nyingi haina ubavu wa kupinda konrodi. Inagota tu, na mtu anadhani betri imekufa, kama ulivyodhani. Balaa huanza mnapoendelea kuipigia. Silinda nyingine zinashika moto, zinaisukuma krenki kwa nguvu zao zote, na ile yenye maji inalazimishwa kupita. Hapo lazima kitu kimoja kikubali. Hedi imebanwa na bolti nene, krenki ni pande zima la chuma, kichwa cha pistoni ni kinene. Kinachokubali ni konrodi, pale katikati palipo pembamba. Inapinda kidogo tu, maji yanatoka na ekzosi kama moshi mweupe, injini inaunguruma, na ninyi mnashukuru Mungu na kuondoka.

Maji yaliingiaje? Kava ya injini ya nje ina tundu la hewa, na wimbi linalopanda tezi, yaani nyuma ya boti, linamimina humo moja kwa moja. Njia ya pili ni ekzosi, ambayo kwenye injini hizi hutokea chini, katikati ya propela. Ukipunguza mwendo ghafla, wimbi la boti yenyewe linakufuata na kuinua maji nyuma. Injini ikizima wakati huohuo, maji yanaweza kusukumwa kupanda juu ya mguu wake. Kuingia mwaloni na mzigo mwingi nyuma, wimbi likiwa mgongoni, ni mahali pazuri kabisa pa kupatwa na yote mawili.

Sasa, kwa nini haikukatika siku ileile? Fimbo iliyonyooka mzee anaiegemea mwili mzima, nayo inamhimili. Ipinde kidogo, halafu aiegemee: kila akiweka uzito inazidi kujikunja pale ilipopinda. Konrodi iliyopinda iko hivyo. Kila mlipuko unaikunja, kila pistoni inapovutwa kurudi chini inaikunjua. Umewahi kukata waya wa kufungia nondo bila koleo, kwa kuupinda huku na huku? Ufa huanzia juu juu, kwenye upande unaovutika, kisha unaingia ndani. Injini ikienda saa 30 kwenye mizunguko 5,000 imeshazunguka mara milioni tisa. Kale kamtetemo uliyokasikia kwenye sailensa ndiko kalikuwa kakikuambia kwamba silinda moja haifanani tena na wenzake.

Aliyekuuzia anasema umeikimbiza mno. Mizunguko 5,500 si kosa kwenye injini ya aina hii, nyingi zimeundwa kufika 6,000. Ila kasi ina deni lake, na ni vizuri ulijue. Kwenye mizunguko 6,000 kila pistoni inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Pistoni yenye uzito wa nusu kilo pamoja na pini yake, ikifika juu na kulazimishwa kugeuka, inaivuta konrodi kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Nguvu hiyo haipandi sambamba na kasi: ongeza mizunguko kwa asilimia 10, mvuto unaongezeka kwa asilimia 21. Ndiyo maana sipendi kabisa kusikia propela ikitoka majini na injini kupiga kelele hewani. Mawimbi ya ziwa letu ni mafupi na yamekaa karibu karibu, jambo hilo linatokea mara nyingi kuliko baharini. Konrodi nzima inavumilia. Yenye ufa hushindwa hapohapo. Kwa hiyo mwendo wako unaweza kuwa ndio ulioimalizia, lakini sioni kwamba ndio ulioianzishia ugonjwa.

Oili nayo. Fundi wa kwanza hakukosea kuiwaza, kwa sababu konrodi nyingi zinazotoboa bloki huuawa na ukosefu wa oili. Lakini oili ikikosekana inaacha alama ambazo hazifichiki. Beringi za konrodi kwenye injini ya mipigo minne hazigusani na krenki. Zinaelea juu ya utando mwembamba sana wa oili inayosukumwa na pampu. Utando ukikatika, chuma kinasugua chuma, joto linapanda, beringi inayeyuka na kujipaka kwenye krenki, na kichwa kikubwa cha konrodi, kile cha chini kinachoshika krenki, kinageuka rangi ya bluu hata nyeusi. Kabla ya kuvunjika huwa inagonga kwa muda, na mlio wa kugonga unazidi kadiri unavyoongeza mzigo. Wewe unasema kipande cha chini bado kinacheza vizuri na hakijabadilika rangi. Hiyo si sura ya injini iliyokufa kwa kiu. Kama kuna michubuko na makovu ya kugongwa hapo chini, yalitokea baada ya kukatika, kipande kilipokuwa kinarushwa huku na huku ndani ya bloki. Usiyachanganye na chanzo.

Kuhusu bolti nitasema zaidi kidogo, maana hapo nina kidonda changu mwenyewe. Nikiwa bado nafundishwa kazi, nilifunga injini nikarudisha bolti zilezile za konrodi, kwa macho zilikuwa nzima. Nyingi za bolti hizi zimeundwa kuvutika kidogo zinapokazwa, mara moja tu, na kitabu cha injini kinasema zikifunguliwa ziwekwe mpya. Injini ile haikufika mbali. Mwenye boti alikuwa na watoto wa shule, na mpaka leo nikinunua bolti mpya namkumbuka. Bolti iliyovutika ina kiuno: iweke kwenye mwanga pembeni ya mpya utaona pale kwenye shingo imekonda. Lakini bolti zikikatika au kulegea, kinachofunguka ni kichwa cha chini, kofia yake inatoka, na konrodi inaachana na krenki. Yako imebaki imeshika krenki, imekatika katikati. Kwa hiyo fundi wa pili naye simuungi mkono, isipokuwa kama kuna alichokiona ambacho hukuniandikia.

Na akikuonyesha kwamba pale kofia inapokutana na konrodi pameparuzika kama jiwe lililopasuliwa, asikutishe. Kwenye injini nyingi za kisasa konrodi hutengenezwa kipande kimoja, kisha kiwandani kichwa hupasuliwa makusudi, ili nusu mbili zikirudishwa zishikane kila punje mahali pake. Nimeshaona fundi mwenye bidii akipasawazisha hapo kwa tupa. Konrodi hiyo inakuwa imeharibika moja kwa moja, na kofia ya konrodi moja haiwezi kuvaa nyingine.

Basi nenda kwenye vipande. Usivisugue kwa brashi ya waya, usivioshe kwa sabuni, na tafadhali usijaribu kuunganisha sehemu mbili zilizokatika uone kama zinakutana, kwa sababu unafuta maandishi. Suuza na petroli kidogo, acha ikauke, toka nje kwenye jua la asubuhi linalokuja kwa upande, ugeuze kipande taratibu. Kama nimesema kweli, utaona mahali palipokatika pana sura mbili. Upande mmoja ni laini, umefifia, pengine mweusi kwa oili, na una mistari iliyopinda inayofuatana kama ile maji yanayoiacha kwenye mchanga wa mwalo yanaporudi. Kila mstari ni hatua ya ufa. Upande wa pili ni wa kijivu unaometa, wenye punje punje kama sukari, hapo ndipo palipokatika kwa mara moja. Sehemu laini ikiwa kubwa, ufa ulikuwa na umri. Sehemu yote ikiwa ya punje punje, konrodi imevunjwa kwa pigo moja, nami nitarudi nyuma kufikiri upya: labda pistoni ilinasa kwanza, au vali ilidondoka ikaingia katikati.

Ushahidi wa pili uko kwenye silinda. Juu kabisa, mahali ringi zisipofika, huwa pana mstari mweusi wa masizi. Linganisha silinda namba tatu na jirani zake. Konrodi iliyopinda ni fupi, kwa hiyo pistoni yake haifiki juu kama zamani, na kwa wiki tatu inakuwa imeanza kuchora mstari mpya chini ya ule wa kwanza. Ukiuona mstari huo wa pili, sina tena mashaka. Tazama pia ubavu wa pistoni, kama bado kuna kipande cha kutosha: msuguano uliokaa kimshazari, juu upande huu na chini upande ule, unasema ilikuwa inapanda ikiwa imeinama.

Uliuliza kuhusu kuchomelea. Tundu likiwa kwenye ukuta wa chini tu, mbali na makao ya beringi kuu na mbali na silinda, kuna wachomeleaji wa alumini wanaoweza kuliziba lisivuje. Shida ni joto. Bloki ni alumini, ndani yake mna silinda na mashimo ya beringi ambayo lazima yawe kwenye mstari mmoja kamili. Joto la kuchomelea linayavuta, na huwezi kulijua hilo kwa macho. Kwa injini ndogo ya mtumbwi unaovua karibu na ufukwe, mtu akiniambia hana pesa nyingine nitamsaidia kujaribu. Kwa farasi 225 na abiria ndani, mimi sitaifunga, na nisingependa mtu mwingine akufungie.

Konrodi moja mpya kwenye bloki nyingine nzima inawezekana, kwa masharti. Krenki ipimwe kwa mikrometa na ichunguzwe kama ina nyufa, maana imepigwa vibaya. Kama hakuna dawa ya kupulizia ya kutafutia nyufa, njia ya wazee bado inafanya kazi: paka mafuta ya taa, subiri, futa kavu kabisa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatajitokeza na kuchora mstari. Konrodi mpya na pistoni yake zipimwe uzito kwa mizani ya gramu zilingane na wenzake. Na konrodi tano zilizobaki zitolewe zote zipimwe unyoofu, kwa sababu wimbi halikuchagua silinda namba tatu peke yake. Ukijumlisha kazi hiyo yote, mara nyingi kununua kichwa kizima cha injini (bloki na vyote vilivyomo, bila mguu) kilichotumika, chenye historia inayoeleweka, kinachowiana na mguu na kompyuta ya injini yako, kunakuwa nafuu kuliko kufufua hiki. Usikinunue bila kupima mgandamizo mbele yako na kuchungulia ndani kwa ile kamera ndogo ya kupitisha kwenye tundu la plagi, inayounganishwa na simu.

Hii ya kushoto ndiyo inayoninyima usingizi. Ilizima kwenye wimbi lilelile. Iliwaka mara moja, na hiyo ni dalili njema, lakini dalili njema haitoshi kuwarudisha watu kwenye maji ya Ukara. Kabla haijabeba abiria tena, nataka ifanyiwe mambo mawili.

La kwanza ni kipimo cha mgandamizo, plagi zote nje, injini ikiwa ya moto, betri imejaa. Usishangae namba zikiwa chini ya zile za kitabu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 12, na geji itaonyesha hivyo. Tunachotafuta ni tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikipungua kwa asilimia 10 kuliko wenzake, usiendelee. Ila kipimo hiki kinaweza kukudanganya. Konrodi ikifupika milimita moja nzima, mgandamizo unatoka kumi kwa moja na kushuka hadi kama tisa tu, na hapo geji ya bei rahisi inaweza isikuambie kitu.

Kwa hiyo fanya la pili: pima kimo. Ingiza kijiti kirefu cha plastiki ngumu, si cha chuma, kwenye tundu la plagi mpaka kiguse pistoni, zungusha krenki kwa spana kwenye nati ya flaiwili taratibu, na utie alama pale kijiti kilipopanda juu kabisa. Fanya hivyo silinda zote sita. Zungusha upande injini inaozungukia siku zote, kwa sababu ukirudisha nyuma unakunja mabawa ya impela ya pampu ya maji. Alama ya silinda moja ikiwa chini ya wenzake hata kwa nusu milimita, mpelekee fundi mwenye saa ya kupimia (geji ya mshale) apime upya kwa usahihi. Fungua pia filta ya oili, ipasue, tandaza karatasi yake juani uangalie kama kuna vumbi la chuma linalometa. Oili yenyewe ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji.

Jambo moja la propela, kwa kuwa injini zako zilinunuliwa zikiwa zimetumika. Kama zilikuja na propela zilizochaguliwa kwa ajili ya baharini, huku kwetu injini haina hewa ya kutosha kuzizungusha inavyopaswa. Ukifungua mafuta yote boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida na injini isifike mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, inabeba mzigo mzito kupita kiasi kila siku, pistoni na konrodi zinaumia kimya kimya. Dawa ni propela yenye hatua fupi zaidi, yaani inayosogeza boti kidogo zaidi kwa kila mzunguko. Petroli ya madumu ya visiwani, usiyoijua imechanganywa na nini, na magugu maji yanayoziba tundu za kupoozea navyo vinaua pistoni, lakini kwenye maelezo yako sikuona alama zake.

Siku wimbi likipanda tena na stata ikagota, acha palepale. Chomoa kamba ya usalama ili plagi zisitoe cheche, toa plagi zote, wote wakae mbali na matundu, kisha zungusha injini kwa mkono mpaka maji yatoke. Ikizunguka bila kugota ndipo upige stata kwa muda mfupi iyakamue yaliyobaki. Mimina oili kidogo kila silinda, badilisha oili ya injini, iwashe, halafu uibadilishe tena. Maji ya ziwa hayana chumvi, ila beringi haziulizi kuhusu chumvi. Zikikaa na maji siku mbili zinaota kutu. Mkiwa mbali na nchi kavu, rudini na injini moja polepole, kila mtu na jaketi lake mwilini.

Vipande vifunge kwenye kitambaa chenye oili, kila kimoja peke yake, uvipeleke vyote kwa fundi atakayeshughulikia injini. Kabla hujamwachia kazi, mwombe akuonyeshe mikrometa yake na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na umuulize kama atarudisha bolti za zamani. Akisema bolti bado nzima, chukua vipande vyako uende kwa mwingine. Ukishapima ya kushoto, niandikie namba zote sita za mgandamizo na vimo vyote sita, kwa mpangilio wa silinda, pamoja na picha ya ule mkato iliyopigwa kwenye jua la pembeni.